Maji Mapya ya Samaki wa Scola

Kijiwe cha Unyambwa hakijaandikwa jina popote. Ni benchi la mkaratusi lililoegemezwa kwenye banda la Laurian, fundi rejeta, kando ya barabara ya vumbi itokayo Singida mjini, na mbele yake jiko la mkaa la Mughwai, muuza kahawa, lenye dele juu. Ukilikalia benchi lile msimu mmoja tu wa alizeti unabandikwa jina, upende usipende. Mzee Melkizedeki, mstaafu wa reli kule Manyoni, anaitwa Stesheni. Peniel wa bodaboda, ambaye elimu yake yote imetoka kwenye simu, anaitwa Bando. Laurian mwenyewe ni Rejeta. Asubuhi hiyo Rejeta hakufungua banda. Aliketi mwisho wa benchi, akafunua kitambaa, na ndani yake alikuwamo samaki wa mapambo, mwekundu wa rangi ya dhahabu, mdogo kama kidole gumba, amekauka.

Wote pale walijua samaki wale ni wa nani. Scola, mke wa Rejeta, aliwaona mara ya kwanza kwenye tangi la kioo hospitalini Dodoma, siku aliyoambiwa ana uvimbe tumboni, akasema ndicho kitu pekee kilichomtuliza moyo siku ile. Akanunua watano, akarudi nao kwenye basi amewapakata ndani ya mfuko wa maji. Wiki iliyopita, alipokuwa anasafiri kwenda kupasuliwa, alimshika mumewe mkono dirishani mwa basi. "Nitunzie hao," alimwambia. "Nikiwakuta wazima, nitajua na mimi nimepona." Alisema huku anacheka. Rejeta hakucheka. Upasuaji wenyewe ulikuwa asubuhi hii hii.

— Shikamoo mzee, alisema Rejeta.

— Marahaba. Huyo wa ngapi sasa? aliuliza Stesheni.

— Wa tatu. Waliobaki wako juu juu ya maji, wanapanua midomo tu. Mzee, naogopa.

— Unawalisha nini?

— Ugali. Na dagaa wa kusaga kidogo.

— Samaki unamlisha samaki mwenzake? Bando akaguna. Kaka, hiyo ni laana, hata haihitaji mganga kuiona.

— Nyamaza wewe. Mimi nauliza maji, alisema Stesheni. Umewatilia maji gani?

— Safi, mzee, ndiyo maana nachanganyikiwa. Kila asubuhi namwaga yote. Nasugua tangi kwa sabuni na stilwaya. Ile sponji ya kwenye kimashine cha kuchujia maji naikamua mpaka inakuwa nyeupe. Halafu najaza maji mapya ya bomba. Na vile wametangaza kipindupindu, natia vile vidonge vya kutibu maji, viwili badala ya kimoja. Mimi mwenyewe sijawahi kunywa maji safi namna ile.

Alikuwa anasema kweli tupu. Maisha yake yote Rejeta amepigana na maji yaliyokaa. Maji yakikaa kwenye rejeta yanazaa kutu, kutu inaziba njia, injini inaungua, na dawa yake ni moja: mwaga yote, suuza, jaza upya. Basi alipokuta maji ya Scola yana ukijani kwa mbali na sponji imeshika ute wa kahawia, aliona aibu kwa niaba ya mkewe. Alivua shati akalifanyia tangi kazi kama rejeta ya lori la alizeti. Kesho yake samaki wa kwanza akaelea. Akaona hajasafisha vya kutosha.

— Sasa kama usafi upo, alisema Bando, ubaya uko kwenye maji yenyewe. Kuna kitu nimekisoma kwenye grupu. Wachimbaji wanaosha dhahabu kwa zebaki usiku, inazama chini, inatembea kwenye mishipa ya ardhi. Wa kwanza kujua ni samaki. Wanafuata kuku. Halafu sisi.

Hakuna aliyecheka. Vikombe vilisimama njiani kwenda midomoni.

— Mughwai, Stesheni aliita taratibu, maji ya kahawa hii umekinga wapi?

— Bomba hilo hilo. Lakini nimechemsha, mzee.

— Zebaki haiogopi moto, alisema Bando.

Stesheni aliweka kikombe chake chini, mbali na mguu wake, kama kitu kinachoweza kumng'ata. Rejeta alikitazama kikombe kile. Alikuwa amekunywa maji yale siku zote. Scola pia. Je, uvimbe ule ulitoka huko?

— Si zebaki, alisema Stesheni. Ni ziwa. Mnaliona limetulia pale mjini, mnadhani limelala. Lile lina chumvi, na chumvi inatafuta pa kwenda. Inapita chini kwa chini mpaka kwenye visima vinavyojaza bomba letu. Kule Manyoni tulikuwa na tangi la kunyweshea injini za moshi. Vyura walikuwa wanaishi mle, wanaimba. Mwaka mmoja wakafa wote. Tukasema vyura tu. Mwezi haukuisha, tukazika dereva.

— Mzee, tafadhali, alisema Rejeta.

— Nasema nilichokiona. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza.

— Na mficha maradhi, akadakia Bando, kifo humuumbua.

Methali ilimtoka kabla hajaiangalia inakwenda kwa nani. Alipogundua, aliinamia simu yake kama anayetafuta pa kujificha.

Simu ya Rejeta ikalia. Alikuwa Rebeka, dada yake, aliyekwenda Dodoma kumuuguza wifi yake.

— Ameingia, kaka. Wamemwingiza chumba cha upasuaji sasa hivi. Simu yake wameizima, ninayo mimi. Tuombe tu.

— Aliuliza chochote?

— Aliuliza samaki. Nikamwambia wazima.

Rejeta alishukuru, akakata.

Mughwai, ambaye huwa hasemi mpaka mkaa ufifie, alivuta kigoda karibu.

— Mimi sitaki kukutisha, fundi. Lakini kuna watu nafsi zao huwa zinashikamana na kitu. Mwingine mti, mwingine ng'ombe. Yeye alijitamkia mwenyewe kwa mdomo wake. Kila samaki amebeba fungu la siku zake. Hao wawili waliobaki ndio wanaomshikilia pale kitandani.

— Sasa nifanyeje?

— Wapeleke ziwani, wakaungane na wenzao, alisema Stesheni.

— Si umesema ziwa ndilo linaloua?

— Linaua wa visimani. Wa ziwani linawajua.

— Usihangaike na ziwa, alisema Bando. Ongeza dozi. Vidonge viwili vimeshindwa, weka vinne, mwaga maji yote tena, anza upya. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

Hilo la Bando ndilo lililomwingia Rejeta, kwa kuwa lilifanana na kazi. Alisimama, akagusa pakiti ya vidonge mfukoni. Afadhali kusugua kuliko kukaa na hofu.

Hapo ikaja Noah imesheheni vitunguu, inafuka mvuke mbele, ikazimika yenyewe mbele ya banda. Akashuka mwanamke wa makamo mwenye vumbi la safari.

— Hamjambo jamani. Naitwa Editha, natoka Issuna. Nimeambiwa hapa kuna fundi rejeta.

— Ni mimi, mama. Ila naomba unisubiri kidogo, nakimbia nyumbani. Samaki wa mke wangu wanakufa.

Editha alimtazama samaki kwenye kitambaa, kisha akaitazama mikono ya Rejeta.

— Mbona unanuka dawa hivyo?

— Ya maji. Nayasafisha kila siku.

— Kabla yako nani alikuwa anawatunza?

— Yeye mwenyewe mke wangu.

— Walikuwa wanamfia?

— Hata mmoja. Mwaka mzima.

— Sasa yeye maji alikuwa anayabadilishaje?

Bando aliwasha simu, akaizima. Stesheni alikohoa bila kikohozi. Rejeta alifungua mdomo ajibu, maana swali lilikuwa jepesi, tena la nyumbani kwake. Alijaribu kumwona Scola mbele ya tangi. Alimwona mgongo tu. Alimwona ameinama na jagi mkononi, anaimba kitu cha kwaya. Alikuwa anatoa maji au anatia? Alikuwa anatoa yote, au kidogo tu? Maji mapya aliyatoa wapi, bombani moja kwa moja au yalikuwa yamelala mahali? Tangi lilikaa sebuleni mbele ya kiti chake, na yeye alikuwa anatazama mpira.

— Sijui, alisema.

— Si umpigie umuulize, alisema Editha, ambaye hakuna aliyekuwa amemwambia Scola yuko chumba cha upasuaji.

Rejeta alitoa simu, akalitafuta jina la Scola, akaligusa ingawa alijua simu imezimwa, akasikiliza sauti ile isiyo ya mtu ikimwambia namba haipatikani. Aliisikiliza mpaka mwisho. Hapo ndipo alipoogopa kweli, kwa sababu lile lilikuwa swali dogo kuliko yote ambayo hakuwahi kumuuliza mke wake.