Kengele ya Upande wa Barabara

Ndugu Mkuu wa Wilaya, ndugu viongozi wa chama, Mwalimu Mkuu na walimu wote, ndugu wazazi wa Kasingirima, na ninyi wanangu wa bweni: nawasalimu, na kwa wa nyumbani, mwakeye!

Siku mnayofungua bweni jipya ndiyo siku mnayoniaga mimi mlezi wenu, nami nakwenda Mwandiga na furaha nusu. Fundi Selestini ametuonyesha maajabu. Darini kuna vidude vinavyonusa moshi kabla pua zetu hazijaamka. Moshi ukiingia, waya hupeleka habari kwenye sanduku la ofisini, taa ya chumba kile huwaka, na kengele hulia bweni zima. Ukiuona moto wewe kwanza, vunja kioo kidogo pale mlangoni, ubonyeze. Umeme ukikatika, betri hushika zamu. Nani asiyeshukuru?

Lakini ndugu zangu, namkumbuka Gervasi. Wageni hamkumjua: alikuwa mume wangu na mlinzi wa hapa, na kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inia langoni. Bweni la zamani lilipowaka, alikigonga mpaka viganja vikachubuka. Nani hakuja? Jirani yangu Bibiana alikuja na sufuria ya maharage, akayamwaga njiani ili apate cha kuchotea maji! Kasongo na wavuvi wenzake walipanga mstari kutoka ziwani, debe mkono kwa mkono. Bweni liliungua, hakuungua mtoto hata mmoja.

Juzi tulijaribu kengele mpya. Wasichana walitoka wote, isipokuwa Marcelina aliyerudi kufuata kitenge. Nikatazama barabarani. Hakuja mtu. Nilipomwuliza Bibiana, akanijibu, "Dada, tulidhani watoto wanaitwa chakula." Nililia, sioni haya kusema. Nilimlilia Gervasi siku hiyo kuliko siku tuliyomzika.

Kengele hii huwaambia watoto watoke. Reli ile iliwaambia watu waje. Selestini anasema waya mmoja zaidi, na kengele moja kwenye ukuta wa nje unaotazama Kasingirima, basi. Ndugu Mkuu wa Wilaya, nasikia mmeniandalia redio. Nashukuru sana, lakini redio nitasikiliza kwa jirani. Nipeni kengele hiyo.

Mwandiga ni mbali, mimi sitaisikia. Ninyi mtaisikia. Ikilia, msiulize ni ya nani. Chukueni madebe, mje. Asanteni kwa kunipa masikio yenu leo, na kwa maji yale ya siku ile.