Swali la Bwana Karatasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo mnivumilie, maana anayezungumza nanyi ana aibu.

Tunamkumbuka Bwana Karatasi. Alifariki Ijumaa ya wiki iliyopita. Narudia: Bwana Karatasi alifariki Ijumaa ya wiki iliyopita.

Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wasiojua kuandika programu za kompyuta wajitengenezee tovuti za kazi zao. Wajitengenezee, si watengenezewe. Alikupa karatasi na penseli, akakuambia umweleze kazi yako kama unavyomweleza mtu aliyeajiriwa leo. Wewe unachora, yeye anauliza. Kisha maelezo hayo unayaandika mwenyewe kwenye kompyuta, kwa maneno ya kawaida, nayo inaunda tovuti; yeye kibodi haigusi. Mikono anaikalia, kweli kabisa, anaiweka chini ya mapaja.

Fundi cherehani mmoja, ambaye leo vipimo vya wateja wake wote viko mtandaoni, ameniambia mwanzoni alidhani mzee anasikia baridi. Siku ya tatu ndipo alipoelewa. "Angenishikia kipanya mara moja tu," alisema, "ningemwachia kazi yote."

Nami nilikuwa mwanafunzi wake. Hapa studio mimi ndiye msimamizi wa matangazo ya vifo. Zamani yalikuja kwa vikaratasi, vingine vimemwagikiwa chai. Bwana Karatasi akanisaidia nitengeneze tovuti: familia inaandika tangazo, nami naliona kwenye orodha ya siku hiyo. Tulikwenda vizuri mpaka akauliza, je, tangazo likifika baada ya taarifa ya mwisho, saa kumi na moja jioni, linakwenda wapi?

Nilikuwa na haraka. Nikamwambia hilo ni jambo dogo, aweke chochote. Akakataa. Kazi ni yako, akasema, na jibu ni lako. Alinipigia simu mara tatu kwa ajili ya swali hilo hilo. Mara ya tatu niliona ni yeye, nikaiacha iite. Nikawaambia wenzangu mzee huyu king'ang'anizi kama kupe, tukacheka. Tovuti nikaanza kuitumia hivyo hivyo.

Ijumaa ile binti yake aliandika tangazo la msiba saa kumi na moja na robo jioni. Likabaki kwenye orodha ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilifungua orodha ya Jumamosi, nikasoma misiba ya watu wengine kwa sauti hii hii mnayoisifu. Saa tano akazikwa. Waliokuwepo ni watu kumi na mmoja. Mafundi, wakunga, walimu aliowafundisha, hakuna aliyejua.

Nilikwenda kwa mjane wake kuomba radhi. Nilitegemea anifokee. Akanivutia kiti. "Mwanangu, tuliwasha redio tangu alfajiri," alisema. "Kila ulipovuta pumzi, tulisema sasa ni yeye."

 

Mama, nawe dada yangu, poleni sana. Nasi tuliobaki, mtu akituuliza swali tunaloliona dogo, tukae naye chini tulijibu. Langu nimelijibu Jumatatu: tangazo lililochelewa linakwenda juu kabisa kwenye orodha ya asubuhi. Ilihitajika sentensi moja tu. Majuto ni mjukuu.

Sasa nalisoma tangazo lililofika Ijumaa saa kumi na moja na robo, kama lilivyoandikwa.

"Familia inasikitika kutangaza kifo cha baba yetu, Bwana Karatasi. Mazishi ni kesho saa tano asubuhi. Wote aliowafundisha, tafadhali njooni."