Kuku wa Kulinganisha

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya banda la kahawa la Bibi Phally, nje kidogo ya mji wa Prey Veng, huku Kambodia. Asubuhi hiyo Narith alikaa nasi bila kuagiza kitu. Binti yake alikuwa amelazwa Phnom Penh kwa mafua ya ndege, na mkewe ndiye aliyekuwa akimuuguza. Kuku wao walikuwa wamekufa wiki iliyotangulia, naye Narith akatugawia nyama sisi majirani. Kwetu kuku aliyekufa hafukiwi. Watu watakuita mchoyo.

— Ni bata wa ng'ambo ya mpaka, alisema Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea.

— Bata gani, wewe? Ni ndege wa porini, wanatoka Siberia, alijibu Daktari, aliyepata jina hilo kwa kuuza dawa za ng'ombe.

— Siberia si barafu tupu? Hicho kirusi cha mafua kitaishije huko?

— Ndiyo maana kinakimbilia huku.

— Basi mimi nasikia kinatiwa kwenye chakula cha kuku, ili tununue mayai ya dukani.

— Umesikia kwa nani?

— Kwa watu.

— Mnisamehe, ndugu zangu, alisema Narith. Mimi nataka kujua jambo moja. Mtoto kakipata kwa kuku au kwa mtu? Maana mama yake analala naye kitanda kimoja.

Pikipiki ikasimama, akashuka Chanthou, binti wa maabara ya Phnom Penh.

— Hamjambo, wajomba. Kirusi cha mtoto tumeshakisoma vinasaba vyake, herufi kwa herufi. Nahitaji cha kuku wa hapa nivilinganishe. Vikifanana sana, kuna matumaini kwamba alikipata kwa kuku, si kwa mtu. Je, kuna kuku aliyebaki, hata kipande?

Redio alimtazama Daktari. Daktari alitazama ndala zake.

— Mimi nilipata paja, alisema polepole. Tulilipika supu ya ndimu.

Bibi Phally alifuta mikono, akafunua kasha la barafu ya kutilia kahawa, akachimbachimba, akatoa mfuko wenye nusu kuku.

— Nilimwekea mwanangu. Anakuja Jumapili.

— Uweke hapo chini, shangazi, usiuguse tena. Kanawe kwa sabuni, alisema Chanthou, akivaa glavu.

Redio aliangalia vipande vya barafu vilivyokuwa vikielea kwenye kahawa yake, akaisogeza glasi kando.

Narith alikuwa ameshapanda nyuma ya ile pikipiki.