Moyo, Ini na Figo: Tunamuaga Mwalimu Ahuva Dahan

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha Maandiko katika idara ya elimu ya gereza letu, Mwalimu Ahuva Dahan anastaafu rasmi tarehe thelathini Juni. Alipaswa kustaafu mwaka jana. Karamu ilikuwa imeshapangwa, keki imeshaagizwa, na mkuu wa gereza ameshaijaribu hotuba yake mbele ya mkewe. Mwalimu akaingia ofisini, akaomba aongezewe mwaka mmoja, akatoka. Sababu wengi wetu tuliijua, lakini ilikuwa bado mbele ya mahakama na hakuna aliyethubutu kuitaja kwa sauti. Leo inatajika. Ndiyo maana sherehe hii ina vicheko ambavyo ile ya mwaka jana isingekuwa navyo.

Ahuva alizaliwa Beit She'an, binti wa tano wa wazazi waliotoka Morocco. Baba yake alikuwa na bucha, na yeye mwenyewe husema alijua kutenganisha wengu na ini kabla hajajua kusoma. Alifundisha shule ya msingi Ofakim mpaka shule hiyo ilipounganishwa na nyingine na walimu wakawa wengi kuliko madarasa. Akaja kwetu kushika nafasi kwa muda, huku akitafuta kazi bora. Hiyo kazi bora, kwa taarifa tulizonazo, bado anaitafuta.

Siku yake ya kwanza alikuta mfungwa mmoja ameketi kwenye kiti cha mwalimu, miguu juu ya meza.

"Mama, umepotea?" akaulizwa. "Ukumbi wa wageni uko kule."

"Nimepotea kweli," akajibu, akavuta kiti cha nyuma kabisa na kukaa. "Soma wewe basi. Mimi nitasikiliza."

Yule bwana akasoma mistari mitatu, akakwama kwenye neno, akashusha miguu. Kufikia mwisho wa saa alikuwa amerudi mahali pake mwenyewe bila kuamriwa.

Lakini kilichompa jina hapa kwetu ni somo la sinia. Kila mwaka, mara baada ya sikukuu za vuli, Mwalimu alifika langoni na sinia limefunikwa kwa karatasi: moyo wa ng'ombe, ini, na figo mbili zikiwa bado zimevikwa mafuta yake. Mara ya kwanza askari wa lango alifunua, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii nini, Mwalimu?"

"Somo."

"Somo lina damu!"

"La wiki iliyopita halikuwa na damu, wote wakalala."

Akaitwa afisa wa zamu, daktari naye akaitwa, na mimi pia nikaitwa, ingawa ni mtunza maktaba tu na sikuwa na la kusema. Ikaamuliwa kwamba nyama ipite na kisu kibaki. Hivyo Mwalimu akafundisha kwa vidole.

"Siku hizi mkisema moyo, mnasema mapenzi," aliwaambia. "Wazee walioandika Maandiko waliupa moyo kazi nyingine. Huu ndio walioufikiria kuwa unafikiri. Mtu asiye na moyo kwao hakuwa katili, alikuwa mjinga. Sasa ini. Liinueni. Mnaona? Ini na uzito katika Kiebrania chetu ni neno lile lile. Yule mwandishi wa kitabu cha Maombolezo alipoona watoto wa mji wake wanazimia kwa njaa, alisema ini lake limemwagika chini. Hakusema amehuzunika. Alisema limemwagika."

Miaka michache iliyopita Prosper Vaknin, ambaye kabla ya kuletwa kwetu alikuwa na kibanda cha nyama choma ya mchanganyiko sokoni Yerusalemu, hakuvumilia.

"Mwalimu, samahani. Nimechoma mioyo na maini miaka kumi na mbili. Hakuna hata moja lililowahi kunipa ushauri."

"Ungelisikiliza, Prosper, usingekuwa hapa."

Darasa likapasuka kwa kicheko, na Prosper akacheka kuliko wote. Ndipo Mwalimu akaichukua figo, akayamenya mafuta taratibu.

"Hizi ziko nyuma kabisa, zimefichwa. Baba yangu akimfungua mnyama, hizi alizifikia mwisho. Kwa hiyo wazee wakasema Mungu huchunguza moyo na figo. Moyo ni kwa yale unayoyapanga. Figo ni kwa yale unayoyajua na hujamwambia mtu."

Kutokana na somo hilo ukazaliwa utaratibu ambao wageni walioingia darasani kwake waliushangaa. Kabla ya kufungua kitabu, kila mtu alitaja kiungo chake cha siku hiyo. Hakuna aliyelazimishwa kueleza. "Sema kiungo, sababu baki nayo," ndivyo alivyoagiza. Wanaume ambao wasingesema "ninaogopa" hata kwa kufungwa minyororo walisema "utumbo" na kupitisha zamu. Baba aliyenyimwa kumwona mtoto wake alisema "ini" mwezi mzima. Maafisa ustawi wakaanza kuja kumuuliza Mwalimu nani amesema nini, naye akawajibu kwa upole kwamba waje darasani, viti vipo.

Nimeombwa niandike mafanikio. Nitaje wanafunzi wake waliofanya mtihani wa kumaliza sekondari wakiwa ndani, na wawili waliokwenda chuo kikuu. Nitaje vitabu alivyoichangishia maktaba yangu, vingine bado vina majina ya mashemeji zake. Lakini nikiishia hapo, watu wa wadi ya tatu, wafungwa wanaosoma kwake, hawatanisamehe. Wanataka niandike habari za Eliav.

Eliav Sabag aliletwa kwetu kwa kuuza magari ya wizi. Kijana wa Ashdod, mtulivu, mwenye kula haraka. Zamu yake ikifika alisema, "Sina kiungo," na Mwalimu akasema, "Haya, karibu hivyo hivyo." Iliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Asubuhi moja ya baridi, mvua inapiga madirisha, akasema:

"Figo."

"Nenda zahanati, ndugu yangu!" Prosper akadakia, na watu wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Wiki iliyofuata ikawa figo tena, na iliyofuata. Eliav akaanza kuacha chakula. Kweli alipelekwa zahanati, akapimwa mkojo na damu, na daktari akasema yuko mzima kama chuma. Ilikuwa imebaki chini ya mwezi mmoja atoke. Wenzake walidhani ni woga wa kutoka, jambo la kawaida kuliko watu wa nje wanavyodhani.

Jumatatu moja zamu ilipomfikia akasimama. Darasani kwetu hakuna anayesimama.

"Ni mimi niliyempiga yule mlinzi wa duka," alisema. "Yinon hakuwepo. Yinon alikuwa kwao, amelala na homa. Walimkamata kwa sababu gari nililokwenda nalo lilikuwa lake, na mimi nikanyamaza."

Yinon alikuwa binamu yake, mtoto wa dada wa mama yake. Alikuwa mwaka wa tatu wa kifungo cha miaka minane katika gereza la kaskazini, kwa wizi wa duka ambamo mlinzi alipigwa hadi akapoteza jicho. Kila mtu mle darasani aliielewa hesabu bila kufundishwa: Eliav alikuwa anakaribia mlango, na kwa maneno yale ameufunga mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimeleta vitabu, nimesimama mlangoni. Niliona Mwalimu anataka kumfuata, akajizuia.

"Eliav," akasema, "usiongeze neno. Umesema mbele ya watu, na mimi ni mfanyakazi wa hapa, siwezi kujifanya sikusikia. Lakini kabla hujasema la pili, nakuitia wakili. Umenielewa, mwanangu?"

"Sitaki wakili."

"Sikukuuliza kama unataka."

Akamwitia. Akakaa naye kwenye benchi la ofisi mpaka wakili alipofika kutoka Be'er Sheva, na muda wote huo, askari waliokuwepo wanasema, walizungumza habari za mpira.

Tungependa kuandika kwamba mambo yakanyooka. Hayakunyooka. Waendesha mashtaka hawakuamini. Walisema ni mpango wa familia: mmoja anabeba la mwenzake ili wagawane miaka. Eliav hakutoka siku yake ilipofika, akazuiliwa kwa uchunguzi, na Yinon hakutoka pia. Sasa walikuwa wawili ndani kwa kosa moja, na mama wawili nje ambao tangu Yinon afungwe walikuwa hawasemeshani.

Siku ya wageni, Mazal, mama yake Eliav, aliomba kumwona mwalimu. Tulimsikia wote, mpaka jikoni.

"Wewe ndiye Ahuva? Wewe na figo zako! Mwanangu alibakiza wiki tatu. Nimeshampakia rangi chumba! Umemrudisha ndani kwa hadithi! Una watoto wewe? Una tumbo wewe?"

Mwalimu alisimama tu. Mazal alipomaliza, alimletea maji, na Mazal akayakataa.

Baada ya hapo aliomba mwaka ule wa nyongeza. "Siwezi kuondoka nikiwaacha wote wawili ndani," aliniambia maktabani, akipanga vitabu ambavyo nilikuwa nimeshavipanga. Alikonda. Somo la sinia hakulifundisha mwaka huo. Alisema bucha ilikuwa imefungwa, jambo ambalo hakuna aliyeliamini, kwa kuwa alinunua nyama yake hapo hapo kila Alhamisi. Watu wa wadi ya tatu waliendelea kutaja viungo vyao asubuhi, kwa sauti ndogo zaidi, wakimtazama.

Kilichogeuza kesi ni funguo. Eliav alieleza kwamba alipokimbia alikuwa ameshika shada la funguo za mlinzi, akalisukuma chini ya tangi la maji ya moto juu ya paa la nyumba ya bibi yake mzaa baba, pale ambapo jua hulichemsha. Hakulitaja mwanzo kwa kuwa hakutaka polisi wapande kwa bibi. Wakili wake mwishowe alimbembeleza. Polisi wakapanda, bibi akawapikia kahawa, na wakashuka na funguo zilizoshika kutu, moja ikiwa na namba ya duka. Mahakama ya juu ikakubali kesi isikilizwe upya.

Mwezi wa Machi mwaka huu, wiki moja kabla ya sikukuu ya Purimu, Yinon alifutiwa hatia na kufunguliwa. Eliav alihukumiwa miaka minne. Majaji walisema wazi kwamba wamepunguza kwa sababu alikuja mwenyewe, na kwamba jicho la mlinzi halirudi kwa toba ya mtu. Alisikiliza amesimama, akasema, "Ni kweli."

Habari za Yinon zilitufikia kwa simu ya wakili, saa ya chakula cha mchana. Mwalimu aliweka simu chini, akatembea mpaka kwenye ngazi za idara, akaketi kwenye ngazi ya chini na mkoba wake mapajani. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akapenga kamasi, akacheka tena, na askari wa zamu, mtu mkubwa asiyejua la kufanya, akamshikia mkoba.

Naye Eliav alirudi kutoka mahakamani, akala sahani mbili za wali na maharage, akalala. Asubuhi hakuamka kwa hesabu ya wafungwa. Askari akamtikisa, akaogopa, akaita zahanati. Daktari akamsikiliza kifua, akatabasamu.

"Amelala tu," akasema. "Muacheni."

Wakamhesabu akiwa amelala. Tangu nianze kazi sijaona jambo hilo likiruhusiwa.

Siku ya wageni iliyofuata, Mazal alikuja tena, safari hii akiwa na dada yake Zehava, mama yake Yinon. Walikuwa wameshikana mikono kama wanaovuka barabara. Mazal alisema alimtukana Mwalimu na haijui njia ya kuyarudisha maneno yale.

"Usiyarudishe," Mwalimu akamwambia. "Yalitoka tumboni. Wazee wetu walilitoa neno la rehema katika tumbo la uzazi, na tumbo hilo likiumia halichagui maneno. Zehava, na wewe je? Umemsamehe Eliav?"

Zehava aliufungua mfuko aliokuja nao.

"Bado," akasema. "Lakini nimemletea koti."

Mwalimu akasema hilo ni jibu zuri kuliko mengi aliyoyasikia darasani.

Kwa niaba ya wafanyakazi, askari, na hasa watu wa wadi ya tatu ambao wameniletea sentensi zao kwa mdomo na kunisimamia nikiziandika, tunakushukuru, Mwalimu Ahuva. Tunakushukuru kwa viti ulivyoacha wazi. Tunakushukuru kwa wakili uliyemwita bila kuuliza. Tunakushukuru kwa mwaka wa nyongeza ambao hukutuomba tukuhurumie. Prosper, ambaye siku hizi ni mtu huru, amejitolea kuchoma nyama za leo, na anaomba ifahamike kwamba bado anasubiri ushauri.

Nenda sasa. Bahari ya Haifa iko mbele ya nyumba ya binti yako na unasema hujajifunza kuogelea. Jifunze. Tunakutakia siku ndefu zisizo na kengele, usingizi mzito, na milango inayofunguka kutoka ndani.