Yaya Léocadie na Kitabu Tulichomlazimisha Kukikana

Mapadri, wakubwa wa territoire, yaani wilaya yetu, majirani wa Kabambare na ninyi nyote mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Hippolyte Kabemba, mdogo wa marehemu, mwalimu huko Kasongo, na familia imenituma nisome historia ya yaya yetu, dada yetu mkubwa, kazi ambayo sikustahili kupewa, na mtasikia kwa nini.

Yaya Léocadie Kabemba alizaliwa Wamaza tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa katekista Gaston na mama Marguerite, na kwa baba yetu alikuwa mtoto wa pili, si wa kwanza kama tulivyozoea kusema kwenye kila harusi na kila msiba.

Alisoma Kasongo kwa masista, akapata diploma mwaka 1975, akaingia ofisi ya territoire hapa Kabambare tarehe 3 Septemba 1979, kazi yake ikawa kuandika karatasi za kuzaliwa, akaifanya kwa miaka thelathini na mitatu kwa mwandiko ule mnaoujua. Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Placide, seremala, wakajaliwa Serge, Olga na Laetitia, na Placide akatutangulia mwaka 2006.

Mwaka 2011 aliingia ofisini mwanamke mmoja wa Wamaza, mkulima wa muhogo, anaitwa Mwanvua, akitafuta karatasi ya kuzaliwa ambayo hakuwahi kuwa nayo, na alipoulizwa jina la baba akataja la baba yetu, bila hasira, maana hakujua anamtajia nani. Yaya aliliandika. Kisha akaenda kumuuliza mama Marguerite, aliyekuwa hai bado, naye akakubali kwamba kabla ya kufanywa katekista baba alikuwa na mke Mwislamu, akamfukuza na mtoto wa miezi saba ili ndoa ya kanisa ipite. Hapo ndipo, akiwa na miaka hamsini na sita, mtu ambaye hakuwahi kutunga hata shairi alinunua kaye, yaani daftari za shule, kumi na mbili na kuanza riwaya yake, Mlango wa Nyuma wa Misheni, iliyochapwa Bukavu mwaka 2017.

Mwaka uliofuata alianza kuisoma redioni Kasongo kila Jumapili, na kufika Jumapili ya tatu watu wa sokoni walikuwa wameshamtambua baba ndani ya riwaya. Tulifanya kikao cha familia nyumbani kwangu. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, niliandika karatasi ya kusema kwamba malaria ilikuwa imempanda kichwani alipoandika, na kwamba mtoto yule hakuwahi kuwepo, nikamwambia asipoisoma asitutafute tena, yeye wala wanawe. Aliisoma yote, akauliza tu: «Hippolyte, sasa ule mutoto wa watu tunamuweka wapi?» Nilimsukumia karatasi. Tarehe 22 Julai 2018 aliisoma redioni hadi nukta ya mwisho, akapanda pikipiki kurudi Kabambare, na huko Wamaza Mwanvua alikuwa akisikiliza.

Aliandika riwaya nyingine mbili, tumezikuta jana zimefungwa kwenye kitenge, wala hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza kama bado anaandika.

Ugonjwa wa figo ulimshika Novemba 2023, simu zikatufikia Kasongo, tukasema barabara ni mbaya, na kweli ni mbaya, lakini kwa kuja kuzika tumeipita kwa siku mbili. Aliyemlisha, aliyemgeuza kitandani, aliyemwosha alipokata roho Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, ni Mwanvua, ambaye aliacha shamba lake akaja kwa miguu.

Tunawashukuru waganga wa hospitali na wauguzi, majirani waliochimba kaburi bila kutungoja, na wenzake wa ofisini waliomletea kaye hadi wiki ya mwisho. Yaya Mwanvua, wewe sikushukuru, maana mtu hashukuriwi kwa kumuuguza mdogo wake wa damu. Nakuona umekaa nyuma kule, na majirani, kama mgeni, na sisi tumejaa mbele hapa. Uongo ule wa redioni ulikuwa wangu, naukana mbele ya watu hawa. Naomba wakupishe upite, kiti changu hiki ni chako.

Yaya Léocadie, pumzika kwa amani, aibu hii tuachie sisi tuibebe.