Alama ya Juu Kabisa

Bibi Odessa alijifanya anatazama theluji ya mji wa Toledo kupitia dirisha la basi, lakini sikio halina pazia. Kwenye kiti cha mbele yake kijana mwenye tai, mtu wa ofisi ya elimu ya wilaya, alikuwa akimsimulia mama aliyeketi kando yake kwa furaha isiyofichika.

"Jimbo limetupa alama ya juu kabisa, mama. Vikao vyote vya kupanga msaada wa watoto wenye mahitaji maalumu tumevifanya kwa wakati."

"Hongera, mwanangu. Kwenye kikao cha mtoto wangu Tobin nilikuwepo. Mkaahidi mwalimu wa kumfundisha kutamka. Yuko wapi?"

"Aliacha kazi. Tunatafuta mwingine."

"Tangu majani ya vuli yadondoke, hadi theluji hii? Na wakaguzi wa jimbo mkawaambia nini?"

Kijana akalegeza tai. "Waliuliza kama kikao kilifanyika. La mwalimu hawakuliuliza."

"Basi leo wataliuliza. Wanasikiliza wazazi kwenye mkutano wao, na mimi ndiye wa kwanza kusema. Usiku kucha sikulala kwa hamu."

Basi likasimama mbele ya ofisi za jimbo. Wote wawili wakainuka.

"Na wewe unashuka hapa?" mama akauliza.

"Nimetumwa kupokea pongezi kwenye mkutano huohuo," kijana akajibu kwa sauti ndogo.

"Twende, baba. Ukae karibu nami, usikie vizuri."

Odessa alikuwa amekipita kituo chake zamani. Akashuka nao, ili naye asikie.