Msomaji Kutoka Nje

Khadija alikuwa anatoka Jinja kwenda kumzika Zaituni, ambaye hadithi zake za Kiswahili mtandaoni zilisomwa na waandishi wenzake wa kundi lao tu. Ndani ya taksi ya Mbale alimsomea moja jirani yake wa kiti, mzee Waiswa.

"Andikeni Kingereza," mzee alisema. "Kiswahili hapa ni ya maaskari."

"Mzee, bibi yangu alinibembeleza kwa Kiswahili, na hakuwahi kushika bunduki."

"Sawa, lakini wageni watasoma?"

Khadija akaendelea kusoma. Waiswa alicheka hadi akafuta machozi. Taksi iliposimama Busiu, alishuka, akainama dirishani.

"Mwambie huyo mama aandike ingine. Mimi nitasoma."

Gari liliondoka kabla Khadija hajamjibu.